Kompyuta sijawahi kuigusa kabla ya chuo, na nikisimama mbele za watu ulimi unakuwa mzito. Wiki tatu zimebaki, nisaidieni (Kigoma)

Muuguzi Mtarajiwa

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu.

Niko mwaka wa kwanza wa uuguzi na ukunga, chuo kimoja hapa Kigoma mjini. Kwetu ni kijiji cha ufukweni, wilaya ya Uvinza, kule ambako ukitaka kuja mjini unapanda boti mpaka Kibirizi. Sekondari niliyosoma ilikuwa na kompyuta moja, iko ofisini kwa mkuu wa shule, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Anatomia najiamini, hesabu za dawa najiamini. Kinachoninyima usingizi ni masomo mawili ambayo wenzangu wanayaita ya kusindikiza: stadi za mawasiliano na matumizi ya kompyuta.

Wiki iliyopita tulikuwa na jaribio la vitendo. Kompyuta zinazowaka ni 12, kwa hiyo tunaingia kwa makundi, dakika 40 kila kundi. Tulipewa karatasi ya wagonjwa 30 wa nje tuwaingize kwenye Excel: namba, jina, umri, jinsi, kata, tarehe, ugonjwa, halafu tuhesabu walio chini ya miaka mitano. Mkono ulitetemeka hata ule mshale hautulii kwenye kisanduku. Nilikuwa naandika kwa kidole kimoja, kila herufi naitafuta. Nimefika mgonjwa wa 19, umeme ukakatika. Uliporudi hakuna kitu. Na nilikuwa nimesevu, nina hakika, nimesevu pale pale mbele kwenye skrini. Mwalimu akasema kompyuta za maabara zimewekewa programu inayozirudisha zilivyokuwa kila zikizimwa, na kwamba alitutangazia siku ya kwanza. Siku ya kwanza mimi nilikuwa bado Kibirizi natoa mizigo kwenye boti, tulichelewa kwa mawimbi. Nimepata 31 kwa 100.

Mawasiliano nayo ilikuwa igizo. Mimi muuguzi, mwenzangu mama mwenye mtoto wa kilo 11 mwenye malaria, nimweleze namna ya kumpa dawa mseto. Nikayatoa yote kama nilivyokariri, mbio, macho chini. Mwalimu akamgeukia yule "mama": haya, mtoto utampa vipi? Mwenzangu hakuwa na nia mbaya, alisema kweli tupu: "Sijui, nimesikia saa nane tu." Darasa zima likacheka. Jioni nilikwenda kukaa peke yangu nyuma ya bweni nikalia.

Sasa maswali yangu. Mosi, zahanati ya kwetu wanaandika kwenye yale madaftari makubwa, je, kompyuta nitaitumia kweli? Pili, mtu mwenye aibu kama mimi anajifunzaje kuongea? Tatu, na hili ndilo linaloniuma: mama anauza dagaa, na ana cherehani aliyoachiwa na bibi. Juzi kasema kwenye simu yuko tayari kuiuza aninunulie laptopu. Nimwache auze? Mtihani ni wiki tatu zijazo, na nikipata sapu (kurudia mtihani) kwenye masomo mawili sijui nitamwambia nini.

Kijana wa Gungu

Pole dada. Usijipe presha kiasi hicho. Hayo masomo mimi niliyapita kwa kukaa karibu na anayejua, tukasaidiana kwenye vitendo, na leo niko kazini maabara. Weka nguvu kwenye magonjwa na dawa, hayo mengine utayakuta kazini watu watakuelekeza. Cherehani asiuze.

Bibi Mkunga, Ujiji

Marahaba mwanangu. Nimestaafu, niko hapa Ujiji, ukunga nimeufanya miaka 33. Mwambie mama yako cherehani ibaki ilipo. Halafu hayo machozi ya nyuma ya bweni, futa. Kicheko cha darasani kinaisha siku hiyo hiyo, wao wameshasahau.

Kijana wa Gungu, sikugombezi, maana najua unamtakia heri. Lakini siwezi kuacha neno lako lipite.

Miaka ya 2000 mwishoni nilikuwa kituo cha ufukweni. Usiku mmoja mama amejifungua salama, mtoto wa tano, kondo la nyuma limetoka, kisha damu ikaanza na haikati. Nilifanya kila nilichofundishwa: oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, yuniti 10, nikamtoa mkojo, nikaukanda mfuko wa uzazi mpaka viganja vikafa ganzi, dripu zikaenda. Boti ikawekwa tayari. Nikapanda juu kwenye mwamba tunapopatia mtandao, nikapiga simu hospitali. Nikasema nini? "Nina mama anatoka damu sana, nakuja naye, jiandaeni, jamani anatoka damu sana." Simu ikakata, nikapiga tena, nikasema yale yale. Dakika tano nzima naongea, na sikumwambia aliyepokea kitu hata kimoja cha kumsaidia.

Tulifika kabla hakujapambazuka. Watu wema, wamesimama mlangoni wanatungoja. Lakini walikuwa wamejiandaa kumpokea mama aliyeharibikiwa mimba changa, maana neno kujifungua sikulitamka. Kundi lake la damu lilikuwa kwenye kadi ya kliniki, nimeishika mkononi wakati napiga simu, sikulisoma. Ikapita nusu saa ndipo damu ikapatikana. Mama alipona, namshukuru Mungu, na yule mtoto sasa ni kijana mkubwa. Lakini nusu saa ile nilikaa kwenye benchi la korido nimempakata mtoto wake ndani ya kanga yangu, na kila mlango ulipofunguka moyo ulikuwa unaanguka. Ujuzi wa mikono nilikuwa nao wote. Kilichopungua ni somo hilo mnaloliita la kusindikiza.

Baadaye kwenye semina tukafundishwa mpangilio wa kutoa taarifa. Ulianzia kwa wanamaji wa nyambizi za Marekani, watu wa hospitali wakauchukua, na kwa herufi za kwanza za maneno yake ya Kiingereza unaitwa SBAR. Mimi nimeuweka kwa Kiswahili changu: kuna nini sasa hivi, alikotoka, ninavyoona, ninachoomba. Ningepiga simu ile leo ningesema hivi:

"Mimi mkunga wa kituo fulani. Nina mama wa miaka 28, amejifungua saa moja iliyopita, kondo limetoka lote, damu haikati. Ni uzazi wake wa tano, mimba haikuwa na shida. Amelowesha kanga nne, presha 80 kwa 50, mapigo 128. Naona mfuko wa uzazi haujakaza, nimempa oksitosini yuniti 10 na dripu mbili zinakwenda. Naomba damu kundi O chanya iwe tayari, na gari litungojee Kibirizi. Tunatoka sasa. Tafadhali nirudie nilichosema."

Nimeipima kwa saa ya ukutani, haifiki dakika moja. Na ona nilivyotaja kanga. Ndugu wa mgonjwa hajui mililita, atakuambia "damu kidogo" au "damu nyingi" kwa jinsi alivyoogopa. Muulize kanga ngapi zimelowa, atakujibu sawasawa.

Sasa tuje kwenye igizo lako, maana hapo kuna jambo ambalo hata wazoefu wanaliteleza. Mwenzako kasikia "saa nane". Wewe ulisema "dozi ya pili baada ya saa nane", sivyo? Kwako ni muda wa saa nane kupita. Kwa mama aliyechoka, mtoto analia mgongoni, saa nane ni saa nane: mchana, au ya usiku akiamka. Kama umempa dozi ya kwanza saa nne asubuhi, yeye atampa ya pili saa nane mchana, kabla ya wakati wake. Kosa halikuwa la sauti yako wala aibu yako, ni maneno yenyewe yana njia mbili.

Mimi nilikuwa nafanya hivi. Namkalisha mama, nakaa na mimi, sisimami juu yake. Tunameza ya kwanza pale pale mbele yangu, mtoto akiwa amekula kitu au amenyonya, maana dawa hiyo inataka chakula, hasa chenye mafuta. Nampa pakti mkononi, vidonge sita, kimoja kimeshatoka. Nasema: "Sasa ni saa nne asubuhi. Hiki cha pili utampa leo jua likizama, saa kumi na mbili. Kesho asubuhi kimoja, kesho jioni kimoja. Keshokutwa asubuhi kimoja, jioni cha mwisho. Akichangamka kesho usiache, malizia vyote." Halafu nanyamaza. Kisha: "Mama, nisaidie nijue kama nimeeleza vizuri. Ukifika nyumbani baba yake akikuuliza, utamwambiaje?" Sisemi "umeelewa?" kwa sababu jibu lake siku zote ni ndiyo. Akikosea, natamka kwamba mimi ndiye sikueleza vizuri, naanza upya.

Aibu unayoiona ni ugonjwa, kwa mkunga ni nusu ya kazi. Semina ile ile walitutajia uchunguzi wa Wamarekani wawili, Beckman na Frankel, wa mwaka 1984: mazungumzo 74 ya madaktari na wagonjwa, ni 17 tu ambamo mgonjwa aliachwa amalize kueleza kilichomleta. Wengi wa waliobaki walikatizwa, kwa wastani baada ya sekunde 18. Wewe mnyamavu hutamkatiza mtu. Mzee akikuambia "moyo unaniuma" utamngoja akuoneshe kwa kidole, na mara nyingi utaona kidole kinakwenda kwenye chembe ya moyo, hapo juu ya tumbo, wala si moyo. Anayeongea sana angeshaandika jambo jingine.

Na Kiha unakijua. Kuna wazee watakueleza kwa Kiha mambo ambayo kwa Kiswahili wasingeyatamka. Usikifiche chuoni ukidhani ni ushamba.

Kompyuta sina la kukufundisha, wanaojua waje.

Mtunza Takwimu, Kasulu

Bibi, shikamoo, na nimeshukuru kwa hilo la saa nane kwa sababu ndilo linalonitesa mimi kila mwezi kwa upande wangu.

Dada Muuguzi, yale madaftari makubwa ya zahanati ni vitabu vya MTUHA, mfumo wa taifa wa kukusanya taarifa za huduma za afya. Usidhani safari yake inaishia kwenye daftari. Kila mwezi yanajumlishwa na jumla inaingizwa kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya ambao chimbuko lake ni Chuo Kikuu cha Oslo kule Norway. Kwenye hospitali na vituo vya afya vingi mgonjwa anaandikwa moja kwa moja kwenye kompyuta tangu anapofika mapokezi. Kwa hiyo utaitumia, ama wewe mwenyewe, ama namba ulizoziandika kwa kalamu.

Sasa saa. Kompyuta haijui Kiswahili cha saa. Mwanafunzi mmoja wa mafunzo ya vitendo aliniletea taarifa ya mama aliyepokelewa saa nne na nusu usiku, akaandika vizuri 22:30. Mtoto kazaliwa saa nane na dakika kumi usiku, akaandika 08:10, na tarehe akaiacha ile ile. Kwenye ripoti mtoto anaonekana kazaliwa zaidi ya saa kumi na nne kabla mama yake hajafika hospitali. Sahihi ilikuwa 02:10, na tarehe ya siku inayofuata, maana kwa kompyuta siku inageuka saa sita usiku wakati sisi bado tunasema "usiku wa kuamkia Jumatano". Ukikosea hapo, na umri wa mtoto kwa saa unakosea, na aliyefariki siku ya kwanza anahesabiwa siku nyingine.

Mimi nakumbuka hivi: kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, ongeza sita. Saa moja usiku mpaka saa tano usiku, ongeza kumi na nane. Saa sita usiku ni 00:00. Saa saba usiku mpaka saa kumi na mbili alfajiri, toa sita. Iandike kwenye karatasi ubandike ndani ya jalada la daftari lako.

Tarehe nayo. Kompyuta nyingi zinakuja zimepangwa kwa tarehe za Kimarekani, mwezi kwanza. Ukiandika 04/03/2024 kwa maana ya tarehe nne Machi, inaelewa tarehe tatu Aprili na haikuambii kitu. Ukiandika 25/03/2024 haielewi kabisa, inaiacha kama maneno. Dalili unaiona kwa macho: tarehe iliyoeleweka inakaa upande wa kulia wa kisanduku, isiyoeleweka inakaa kushoto. Safu ya tarehe ukiiona imechanganyika kushoto na kulia, simama hapo hapo, nenda kwenye mipangilio uweke siku kwanza, kisha andika upya.

Kwenye kuhesabu walio chini ya miaka mitano, kama umri uko safu ya C na wagonjwa 30 wako mstari wa 2 mpaka wa 31, unaandika =COUNTIF(C2:C31,"<5") basi. Ila angalia watoto wachanga. Karatasini wanaandika "miezi 8". Ukiingiza 8, kompyuta inamhesabu ana miaka minane. Ukiingiza "miezi 8" kwa maneno, inamruka, hayumo. Andika =8/12. Walimu wengi wanaweka mtoto wa namna hiyo kwenye mtihani kwa makusudi, na wana haki, kwa sababu ndio watoto tunaowapoteza kwenye ripoti. Namba ya simu inayoanza na sifuri, igeuze safu kuwa ya maneno kwanza, la sivyo sifuri inapotea na mgonjwa hutampata tena.

Usione ni makosa ya wageni wa kompyuta tu. Mwaka 2020 Uingereza, wagonjwa 15,841 wa korona walikosekana kwenye hesabu za taifa kwa siku kadhaa kwa sababu mtu alitumia faili la Excel la aina ya zamani, ambalo mwisho wake ni mistari 65,536. Walioambukizwa walikuwepo, ila waliokaa nao hawakutafutwa kwa wakati.

Laptopu usinunue. Nenda soko la Mwanga kwa mafundi, ulizia kibodi ya USB iliyotumika na kile kiwaya kidogo cha OTG. Unachomeka kibodi kwenye simu yako, unafungua Excel ya simu, unaanza mazoezi. Funga macho upapase herufi F na J, utakuta kinundu kidogo. Hapo ndipo vidole vya shahada vinakaa, vingine vinajipanga pembeni, na usitazame chini hata ukikosea. Dakika ishirini kila siku ni bora kuliko saa nne za Jumamosi. Na maabara, sevu kwenye flashi yako, Ctrl na S kila mgonjwa wa tano.

Kijana wa Gungu, ndugu yangu, uko maabara: namba ya sampuli ikibadilishwa tarakimu mbili, majibu yanakwenda kwa mtu mwingine. Hilo unalijua kuliko mimi.

Kijana wa Gungu

Ni kweli, kaka. Imewahi kunitokea, tuliikamata kabla majibu hayajatoka. Dada, nafuta nilichosema. Flashi ninayo ya ziada, ya GB 8, nitaiacha dukani kwa mafundi hapo Mwanga ukienda kununua kibodi, mwambie muuzaji ni ya yule wa maabara.

Muuguzi Mtarajiwa

Nimerudi baada ya siku tisa, samahani kwa kimya, bando liliisha.

Kibodi nimepata kwa 8,000, OTG 3,000. Herufi ya N inataka kubonyezwa kwa nguvu lakini inafanya kazi. Flashi nimeikuta, kaka Mungu akubariki. Siku mbili za kwanza nilitaka kuacha, nilikuwa taratibu kuliko kidole kimoja. Siku ya tano nikaandika jina la kata yetu bila kutazama chini, nikalirudia mara kumi nisiamini. Jana nimeingiza wale wagonjwa 30 wa karatasi ya jaribio kwa dakika 34. Na kaka wa Kasulu, nimeangalia vizuri ile karatasi: mgonjwa wa 23 ana miezi 9. Kumbe hata umeme usingekatika, jibu langu lingekosea.

Mama nimempigia nikamwambia cherehani asiuze. Alinyamaza, halafu akasema aliishazungumza na mnunuzi, ila atamrudishia maneno. Nilisikia kwenye sauti kwamba amefurahi. Kisha nikamwomba aniigizie mama mwenye mtoto mgonjwa, nikamweleza dawa mseto kama Bibi alivyoandika, nikamuuliza: baba akikuuliza utamwambiaje? Akanijibu kwa Kiha, yote, mpaka cha keshokutwa jioni. Cha leo jua likizama alikisahau. Nikasema mimi ndiye sijaeleza vizuri, nikarudia, akakipata.

Bibi, bado simu ya rufaa. Nikijaribu na wenzangu naanza na historia ndefu, kilicho sasa hivi nakifikia mwisho. Jumapili sina zamu ya usafi, naweza kupanda daladala nije Ujiji unisikilize?

Bibi Mkunga, Ujiji

Njoo mwanangu, baada ya saa tisa nipo. Uje na huyo mwenzako aliyesema hakuelewa, ndiye tutakayempigia simu.